Vinia za Kauri Zinaposumbua: Kusoma Dalili kwa Kufuata Njia Iliyozitengeneza

Vinia ya kauri, yaani ganda jembamba linalogandishwa mbele ya jino, ikibanduka, ikipasuka au ikitoa rangi isiyotarajiwa, lawama ya kwanza huiangukia gundi, ya pili humwangukia mgonjwa, na njia iliyotumika kuitengeneza huulizwa mwishoni kabisa, kama itaulizwa. Mwongozo huu unaanza na njia hiyo, kwa sababu dalili moja ina chanzo kimoja kwenye kauri iliyopangwa kwa mkono na chanzo kingine kabisa kwenye kauri iliyochongwa kwa mashine. Umeandikwa kwa ajili ya mafundi sanifu wa maabara za meno na madaktari wa meno wa Mwanza na miji mingine ya kando ya Ziwa Victoria, ambako joto, unyevu, mwinuko wa nchi na umeme usiotulia vina mkono wake katika kasoro ambazo vitabu vya viwandani havizitaji.

Njia zinazolinganishwa ni tatu. Ya kwanza ni kauri ya feldspa, ambayo fundi huchanganya unga wake na kimiminika, akaupanga kwa brashi juu ya modeli inayohimili moto au juu ya karatasi nyembamba ya platinamu, kisha akauchoma tabaka baada ya tabaka katika tanuri la ombwe. Vinia ya namna hii inaweza kuwa nyembamba hadi milimita 0.3, na mkono mzuri huipa kina cha rangi ambacho mashine bado haijakifikia. Lakini nguvu yake ya kuhimili kupinda ni takribani megapaskali 60 hadi 100 tu. Ya pili ni kauri ya kukandamizwa: umbo hutengenezwa kwa nta, nta huzikwa katika plasta ya moto ambayo mafundi huiita investimenti, huunguzwa ikaacha uwazi, na kidonge cha kauri, siku hizi mara nyingi lithiamu disiliketi, hulainishwa kwa joto la karibu nyuzi 920 na kusukumwa ndani. Nguvu yake hufika megapaskali 400 au zaidi. Ya tatu ni kauri inayochongwa na mashine ya kompyuta kutoka kwenye tofali dogo, njia ambayo mgonjwa wa kwanza alitibiwa nayo Zurich, Uswisi, mwaka 1985. Tofali la lithiamu disiliketi huchongwa likiwa bado laini na lenye rangi ya zambarau, kisha hukomazwa tanurini kwa nyuzi 840 hivi ndipo lipate nguvu na rangi yake ya kweli. Zikonia, ambayo ni aina nyingine ya kauri, imeachwa nje ya mwongozo huu kwa makusudi, kwa kuwa haiumwi na asidi hidrofloriki na hivyo kanuni zake za kugandishwa ni nyingine.

Vinia imebanduka ikiwa nzima

Hii ndiyo dalili yenye habari nyingi kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa haraka kuliko zote, kwa sababu mtu wa kwanza kuishika vinia huwa na hamu ya kuisafisha. Isisafishwe. Igeuzwe, ikaushwe kwa hewa, na upande wake wa ndani utazamwe chini ya kioo cha kukuzia, kisha jino nalo litazamwe vivyo hivyo. Swali ni moja: gundi imebaki wapi?

Ikiwa gundi yote imebaki kwenye jino na ndani ya vinia ni pasafi panapong'aa, muungano ulioshindwa ni ule wa kauri na gundi. Ugandishaji wa leo unategemea kauri kuumwa na asidi, kazi ambayo John Calamia na Richard Simonsen waliionyesha Marekani mwaka 1983. Kabla yake, vinia za waigizaji wa filamu wa miaka ya 1930 zilishikizwa kwa unga wa kushikia meno bandia na kuvuliwa jioni. Kauri ya feldspa huhitaji asidi hidrofloriki ya asilimia 9 hadi 10 kwa sekunde 60 hadi 120, ilhali lithiamu disiliketi huhitaji asidi ya karibu asilimia 5 kwa sekunde 20 tu. Kliniki yenye chupa moja ya asidi na desturi moja ya muda itakosea upande mmoja au mwingine: feldspa itaumwa kidogo na kubanduka, au lithiamu disiliketi itaumwa kupita kiasi na kudhoofika kwa ndani. Sehemu iliyoumwa vizuri hupoteza mng'ao na kuwa nyeupe iliyofifia kama chaki. Lakini weupe mzito wenye ungaunga ni mabaki ya mmenyuko wa asidi, na usipoondolewa kwa kusuguliwa na asidi ya fosforiki na kuoshwa, au kwa dakika 5 ndani ya chombo cha mawimbi ya sauti, gundi itaushika unga huo badala ya kauri.

Kila njia ina mtego wake hapa. Vinia ya kukandamizwa hutoka kwenye investimenti ikiwa na tabaka la mmenyuko juu yake, na tabaka hilo likibaki ndani, hata kwa doa dogo, asidi ya sekunde 20 haifiki kwenye kauri yenyewe. Vinia ya mashine ina mtego wa glezi, yaani tabaka la mng'ao linalochomwa juu ya kauri: fundi akipaka glezi nyepesi mno, hutambaa kupitia ukingo ikaingia ndani, ikachomwa humo, na daktari anapokuja kuweka asidi huwa anaiuma glezi. Mstari unaong'aa unaofuata ukingo kwa ndani ni ushahidi tosha. Kwenye feldspa, mabaki ya modeli ya moto hujificha katika kona za ukingo. Hupulizwa kwa chembe ndogo za kioo kwa shinikizo dogo, na pua ya kifaa isisogezwe karibu.

Kisha kuna sileini, ambayo ni maji maji yanayounganisha kauri na gundi. Sileini ya chupa moja inapoharibika huwa na ukungu; iliyo nzima ni angavu kama maji. Katika chumba kisicho na kiyoyozi, kwenye joto la Oktoba kabla mvua hazijaanza, chupa iliyoachwa mezani huchoka kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Iwekwe kwenye jokofu, itolewe mapema ipate joto la chumba ndipo ifunguliwe, na mvuke usigande ndani.

Ikiwa gundi yote imetoka na vinia na jino ni tupu, maabara haina kosa. Jino lilichongwa likapita enameli, ganda lake gumu la nje, hadi kwenye dentini iliyo chini yake, au mate yaliingia, au gundi ya muda iliyotumika ilikuwa na mafuta ya karafuu, yaani yujino, ambayo huzuia rezini, yaani plastiki inayounda gundi, kukomaa na kuwa ngumu. Kwa wagonjwa wanaotoka maeneo ya Shinyanga na Mara yenye visima vya floraidi nyingi, kuna sababu ya nne: tabaka la nje la enameli yenye madoa ya floraidi hustahimili asidi ya fosforiki kuliko enameli ya kawaida, na sekunde 30 za mazoea hazitoshi. Madaktari wengi huurefusha muda huo karibu mara mbili, au hukwangua kwanza uso wa juu. Meno yaliyoathirika vibaya, yenye mashimo na enameli inayomeguka, ni jambo jingine. Hapo tatizo ni enameli yenyewe kutokuwa na nguvu ya kushika chochote.

Gundi ikigawanyika, nusu huku na nusu kule, basi yenyewe haikukomaa. Taa ya kukaushia ipimwe kwa kipimo cha mwanga, si kwa macho, maana taa yenye betri iliyochoka bado huonekana ya buluu na kali.

Vinia imepasuka

Muulizwe aliyekuwapo: ilipasuka lini? Ikiwa ni wakati wa kujaribisha, kabla ya kugandishwa, mara nyingi mgonjwa aliambiwa aume ili meno yapimwe. Vinia ya feldspa isiyogandishwa haina nguvu ya kuumwa hata kidogo. Uwianifu wa meno hupimwa baada ya kugandisha. Vinia za kukandamizwa na za mashine husamehe zaidi, na msamaha huo ndio unaowafundisha madaktari tabia mbaya, ambayo baadaye huihamishia kwenye feldspa.

Ufa mwembamba kama unywele unaoonekana mara tu baada ya kukaushwa kwa taa unatokana na uwiano wa unene. Rezini hunywea inapokomaa, na kauri nyembamba iliyokaa juu ya gundi nene huvutwa hadi ikapasuka. Kauri inatakiwa iwe na unene usiopungua mara 3 ya ule wa gundi iliyo chini yake. Hapa vinia ya mashine ina udhaifu wa kipekee: kichongeo hakiwezi kuingia kwenye kona iliyo nyembamba kuliko kipenyo chake, kwa hiyo programu huamua kuchimba zaidi kwa ndani ili vinia ikae, na uwazi huo hujazwa gundi. Ncha ya jino iliyochongwa ikabaki kali ndiyo inayosababisha hali hiyo. Dawa iko mikononi mwa daktari, naye anatakiwa kuzungusha kona zote kabla ya kupiga picha ya skana, kwa maana hakuna mpangilio wa programu utakaofuta kona iliyobaki kali.

Kumeguka kwa ncha baada ya miezi kadhaa ni habari ya matumizi. Mgonjwa aulizwe kwa upole, bila kuhojiwa kama mshitakiwa, kuhusu kumenya muwa kwa meno, kufungua soda, na kung'ata mifupa ya kichwa cha sato, ambacho kwa watu wengi wa ziwani ndicho kitamu kuliko mnofu wenyewe. Meno ya chini yatazamwe: nyuso bapa zinazong'aa kwenye ncha zake huonyesha kusaga meno usiku, na mtu wa namna hiyo anahitaji kinga ya usiku kabla ya vinia mpya. Kwake yeye, lithiamu disiliketi ya kukandamizwa au ya mashine ndiyo inayofaa, na feldspa isipendekezwe hata akiiomba kwa sababu ya uzuri wake.

Kama ufa uko karibu na ufizi na mwelekeo wake ni wa mlalo, chunguza kama ukingo ulikaa juu ya dentini. Dentini hupinda zaidi ya enameli jino linapobeba mzigo, na kauri haipindi.

Vinia haikai, au ukingo umeacha mwanya

Kabla ya kutafuta kosa tanurini, ulizwe uaminifu wa kipimo, yaani chapa ya meno iliyochukuliwa mdomoni. Kipimo cha aljineti hupoteza maji na kunywea, na kwa vinia hakifai kabisa. Kipimo cha silikoni ya aina ya vinili hubaki na vipimo vyake kwa siku nyingi, na ndicho kinachopaswa kutumwa pale kazi inapopakiwa kwenye basi la Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, ndani ya boksi ambalo huenda likawekwa karibu na injini. Baadhi ya kliniki hutuma modeli ya plasta iliyokwisha kumiminwa, na hilo ni salama zaidi ikiwa limefungwa vizuri.

Kwa kauri ya kukandamizwa, kubana na kulegea hutokana na kutanuka kwa investimenti. Kimiminika chake kikiwa kikali, hutanuka sana na vinia hutoka imelegea. Kikizimuliwa mno kwa maji, vinia hubana. Maji yawe yaliyotoneshwa, kwa sababu maji ya bomba huingiza madini yasiyojulikana kiasi chake katika mchanganyiko unaotegemea vipimo. Joto la chumba nalo huharakisha ugandaji, na investimenti iliyowahi kuganda kabla haijamiminwa yote huacha mapovu juu ya nta. Kila povu litageuka kuwa kijidoto cha kauri ndani ya vinia. Kijidoto kimoja tu chatosha kuizuia vinia isikae, na fundi asiyetumia kioo cha kukuzia atasaga kwingine kote akaharibu ukingo mzima. Kuweka unga na kimiminika mahali pa baridi kabla ya kuchanganya kunasaidia sana.

Umeme ukikatika wakati nta inaungua, na pete yenye investimenti ikapoa, isirudishwe tanurini kwa matumaini. Investimenti iliyopanda na kushuka joto huwa na nyufa zisizoonekana, na kauri itakayosukumwa ndani itapenya humo na kutoka na mapezi. Nta ichongwe upya. Maabara inayofanya kazi hii kila siku ihesabu jenereta au betri ya kutosha kama sehemu ya tanuri lenyewe.

Kauri ya feldspa hunywea kwa ujazo wa karibu robo au zaidi inapochomwa, na ikinywea hujivuta kuelekea katikati, ikauacha ukingo. Fundi mwenye uzoefu hujaza ukingo kwa mchomo wa pili vinia ikiwa bado juu ya modeli ya moto. Modeli ikishavunjwa, nafasi hiyo imepita. Kwa mashine, ukingo uliomegukameguka huashiria kichongeo kilichochakaa au ukingo uliobuniwa mwembamba mno: uachwe mnene kidogo kwenye programu, kisha upunguzwe kwa mkono.

Viputo na weupe wa mawingu ndani ya kauri

Dalili hii huwahusu zaidi watumiaji wa feldspa, na hapa jiografia ya Mwanza inaingia moja kwa moja kazini. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa wa hapa ni karibu sentimita 66 hadi 67 za zebaki badala ya 76 za pwani. Tanuri ambalo mizani yake inapima ombwe kwa kulinganisha na hewa ya nje, likiwa limepangwa kusubiri sentimita 72 ndipo liendelee, litasubiri milele au litatoa ishara ya hitilafu, na fundi atanunua pampu mpya asiyoihitaji. Matanuri mengi ya kisasa yana mpangilio wa mwinuko au hupima mgandamizo halisi uliobaki ndani. Mpangilio huo ukaguliwe siku tanuri linapofungwa.

Pampu ikiwa nzima na viputo vikaendelea, chanzo ni unyevu. Kuta za ndani za tanuri hunyonya mvuke wa hewa usiku kucha likiachwa wazi, na asubuhi mvuke huo huingia kwenye pampu na kwenye kauri. Tanuri lifungwe muda wote lisipotumika, na kabla ya kazi ya kwanza lipashwe bila kitu ndani. Kauri iliyopangwa upesi, bila maji kufyonzwa vizuri kwa karatasi, hutoa viputo hata kwenye tanuri zuri. Mawingu meupe yasiyo na viputo humaanisha joto halikufika, na kwa kawaida tanuri linahitaji kusahihishwa kwa waya wa fedha, ambao huyeyuka kwa nyuzi 962.

Rangi imekataa

Mazungumzo ya simu kati ya kliniki na maabara huwa yaleyale. "Fundi, rangi imekataa, inavuta kijivu." "Dokta, rangi uliyonitumia ilipimwa kabla ya kuchonga au baada?" Jibu la swali hilo humaliza nusu ya ugomvi. Zinahitajika rangi mbili: ile inayotakiwa, ipimwe mwanzoni kabisa jino likiwa na mate yake, kwa kuwa jino likikauka kwa dakika chache huwa jeupe kuliko lilivyo, na ile ya jino lililokwisha kuchongwa, ambayo ndiyo itakayopenya kutoka chini. Picha ipigwe na kipande cha kipimo cha rangi kikiwa kando ya jino, kwa mwanga wa asubuhi karibu na dirisha, si chini ya taa ya kiti.

Kwa jino lenye madoa ya kahawia ya floraidi, uchaguzi wa njia ni nusu ya tiba. Feldspa humwezesha fundi kuweka tabaka la kuziba mahali penye doa tu na kuacha kwingine pakipitisha mwanga, lakini kwa unene wa milimita 0.3 hakuna nafasi ya tabaka hilo. Hapo daktari atalazimika kupunguza jino zaidi. Kauri ya kukandamizwa huja katika vidonge vya upenyo tofauti wa mwanga, na kosa la kawaida ni kuchagua kile kinachopitisha mwanga mwingi kwa sababu ni kizuri kwenye modeli ya plasta nyeupe. Ijaribishwe juu ya modeli ya rezini yenye rangi ya jino halisi. Tofali la mashine lina rangi moja kutoka juu hadi chini, isipokuwa yale yenye mpito wa rangi, na hurekebishwa kwa rangi za juu tu, ambazo haziwezi kuzuia doa linalotoka chini.

Vinia iliyokuwa sawa na kisha ikageuka njano baada ya mwaka au miwili inaelekeza kwenye gundi ya kukomaa kwa njia mbili, kwa mwanga na kwa kemikali, ambayo kemikali zake ziitwazo amini hubadilika rangi. Kwa vinia nyembamba, gundi inayokomaa kwa mwanga pekee ndiyo chaguo.

Mng'ao umepotea, ufizi umevimba

Uso uliofifia huwa na sababu chache. Mgonjwa anaweza kuwa anasugua meno kwa mkaa au jivu. Au daktari mwingine alimpaka jeli ya floraidi yenye asidi, ile ya asilimia 1.23, ambayo huiuma kauri na hasa glezi. Floraidi isiyo na asidi itumike badala yake. Rangi za juu kwenye vinia za mashine huondoka kwanza, na ndipo vinia hurudi kwenye rangi ya tofali.

Ufizi mwekundu kuzunguka vinia moja tu humaanisha gundi iliyobaki chini yake au ukingo mnene. Ukizunguka zote, angalia kama jino halikupunguzwa kabisa na vinia zikawekwa juu kama kibandiko.

Kutengeneza upya

Vinia mpya isitengenezwe kwa njia ileile kwa sababu tu vifaa vipo. Jino lenye enameli nyingi na rangi nzuri, kwa mtu asiyesaga meno, lipewe feldspa kama fundi wake anaiweza kweli. Doa zito, ncha inayorefushwa kwa zaidi ya milimita 1, au kuumana kwa nguvu huelekeza kwenye kukandamiza. Mashine inafaa pale meno kadhaa yanapohitaji umbo linalolingana na muda ni mfupi, mradi maandalizi yawe ya mviringo na fundi akubali kumalizia kwa mkono. Jino ambalo enameli yake imekwisha kwa kuchongwa tena na tena lipewe taji, yaani kofia inayolifunika jino lote.

Karatasi ya kazi inayoambatana na vinia iandikwe njia iliyotumika, jina na rangi ya unga, kidonge au tofali, unene katika sehemu tatu, na programu ya tanuri iliyochomea, na nakala ibaki kwenye faili la mgonjwa kliniki. Vinia ikirudi baada ya miaka 5, daktari atakayekuwepo atajua aitie asidi gani na kwa sekunde ngapi.